Nani Aliliambia Figo?

Batuli alizaliwa na maswali. Wateja wake wa Chang'ombe ya Dodoma walilijua hilo vizuri. Ukienda kwake asubuhi, utapewa supu ya mbuzi ya moto, chapati mbili, kipande cha ndimu, na swali juu. Kwa nini upepo wa Dodoma huchachamaa mwezi wa nane? Kwa nini mbuzi hula miiba na ulimi wake hautoboki? Ukijibu vizuri, utaongezewa mchuzi. Ukijibu ovyo, utaulizwa tena.

Mumewe, Nurdini, alimtania kwa jina la Mama Kwanini.

"Mama Kwanini, nipe chumvi," alikuwa akisema. "Na usiniulize kwa nini."

Nurdini alikuwa mchinjaji. Kila alfajiri alikwenda machinjioni. Alirudi jua likiwa limechomoza, na nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Mume aliuza nyama mbele, kwenye bucha. Mke alipika supu nyuma, uani. Walikuwa wametoka Kondoa wakiwa vijana, na sasa binti yao Rukia alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya bweni.

Kazi ya kuchinja Nurdini alifundishwa na baba yake. Mzee alimwachia kisu kizuri na kanuni moja. Kanuni yenyewe ilikuwa hii: ukifungua mnyama ukakuta figo kubwa kupita kawaida, usiliuze na usilile. Watupie mbwa. Figo kubwa ni figo gonjwa.

Nurdini aliishika kanuni hiyo kama alivyokishika kisu. Hakuwahi kumwuliza baba yake sababu. Si kila mtu ni Batuli.

Basi mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi, dume moja la ng'ombe kutoka mnadani lilikata kamba pale machinjioni. Wenzake Nurdini walikimbia. Yeye alijaribu kulishika. Dume likamrushia teke la ubavuni, upande wa kushoto. Alianguka chini. Alipokwenda haja ndogo, aliona damu tupu.

Walimkimbiza hospitali. Siku hiyohiyo alipasuliwa. Jioni, Daktari Emilia alitoka nje kuzungumza na Batuli. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu.

"Figo la kushoto lilipasuka vibaya, mama," alisema. "Damu ilikuwa inamwisha. Tumelitoa. Lakini la kulia ni zima. Mtu anaweza kuishi vizuri na figo moja."

Siku hiyo Batuli hakuuliza kitu. Alilia tu, akamshukuru Mungu, akaenda kumpigia simu Rukia.

Nurdini alipona polepole. Kidonda kilifunga. Alianza kukaa tena buchani, ingawa kazi ya kuchinja aliwaachia vijana kwa muda. Alikula, alicheka, alitania wateja. Miezi sita ikapita. Wakaitwa hospitali kwa vipimo.

Wakaanzia chumba cha ultrasaundi. Mtaalamu wa kipimo, kijana mtaratibu, alimpaka Nurdini mafuta ya baridi ubavuni. Akapitisha kifaa chake huku na huku, macho yakiwa kwenye kioo.

"Figo la kulia limeongezeka ukubwa," alisema. "Ni kubwa kuliko lilivyokuwa siku ya upasuaji."

"Kwa nini?" Batuli akauliza papo hapo.

"Daktari Emilia ndiye atakayewaeleza, mama. Leo amesafiri. Njooni Jumatatu."

Walipofika nyumbani, Nurdini alikwenda kukaa juu ya gogo la kukatia nyama. Alikaa hapo muda mrefu, mikono magotini. Batuli alimfuata.

"Baba Rukia, una nini?"

"Umesikia mwenyewe. Figo limekuwa kubwa." Sauti yake ilikuwa nzito. "Mama Rukia, mimi sasa ni wa kutupiwa mbwa."

Batuli alimjua mumewe. Maneno ya utani aliyasema akicheka, na sasa hakuwa anacheka.

Kuanzia hapo Nurdini akawa mtu mwingine. Alikataa maji. Batuli alimletea kikombe, akakisukuma pembeni.

"Figo limechoka," alisema. "Kila tone la maji ni kazi. Acha lipumzike."

"Kwa joto hili la Dodoma? Midomo yako imepasuka!"

"Ya midomo ni afadhali."

Kesho yake mdogo wake, Zaidi, alikuja kumtazama. Zaidi aliuza mitumba. Alikuwa na roho nzuri na haraka nyingi. Alileta chupa ya dawa, nyeusi kama oili chafu.

"Hii inakausha uvimbe wowote," alisema. "Kaka atakunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni."

Batuli alifungua chupa akanusa. "Ndani kuna nini, shemeji?"

"Mizizi."

"Mizizi ya nini?"

"Shemeji! Mizizi ni mizizi."

"Na inajuaje uvimbe ulipo?"

Nurdini hakungoja jibu. Alimimina dawa kwenye kikombe, akakiinua. Batuli akaziba mdomo wa kikombe kwa kiganja.

"Tumsubiri daktari."

"Ondoa mkono," Nurdini alisema. "Wewe unajua figo kuliko mimi? Nimeshika mafigo tangu sijaota ndevu. Figo kubwa ni gonjwa. Hilo halihitaji daktari."

Batuli alikuwa anaogopa. Lakini hakuuondoa mkono. Mumewe alibakiwa na figo moja. Likiharibiwa na dawa isiyojulikana, hakuna la akiba.

"Nijibu swali moja tu," alisema. "Yale mafigo makubwa uliyokuwa unatupa. Ulipoyapasua, ndani uliona nini?"

Nurdini alifikiri.

"Sikuyapasua," alisema. "Nipasue ya nini kitu cha kutupa?"

"Hata moja?"

"Hata moja."

Wakatazamana. Zaidi akatazama chini. Nurdini akashusha kikombe.

"Haya," alisema. "Mpaka Jumatatu. Lakini daktari asipokuwa na jibu, nakunywa."

Batuli aliifunga chupa akaificha nyuma ya debe la unga.

Asubuhi iliyofuata Stanley alikuja kunywa supu kama kawaida. Stanley alikuwa mkaguzi wa nyama pale machinjioni, mtu wa Buigiri, mpole, mwenye buti nyeupe. Ndiye aliyepiga muhuri nyama yote ya Nurdini. Batuli alimwekea bakuli, akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Leo swali ni gumu," alisema.

"Mama Rukia, ngoja nionje kwanza."

"Onja, huku unasikiliza. Ukikuta figo kubwa ndani ya mbuzi, unalitupa?"

"Siwezi kulitupa kwa ukubwa peke yake," Stanley alijibu. "Nalipasua. Nikikuta usaha, mawe, vifuko vya maji au harufu mbaya, hilo haliuzwi. Huo ni ugonjwa. Lakini mara mojamoja nakuta figo kubwa ambalo ndani ni safi kabisa. Hapo namtafuta mwenzake."

"Mwenzake yuko wapi?"

"Hayupo. Mbuzi mwingine huzaliwa na figo moja. Au mwenzake yupo, lakini amesinyaa kama kokwa ya tende, hana kazi. Basi hili moja linakuwa kubwa."

Batuli alisogeza kigoda mbele. "Kwa hiyo hilo kubwa ni zima?"

"Ni zima."

"Na nani aliliambia likue? Figo halina macho. Limejuaje kwamba mwenzake hayupo?"

Kijiko cha Stanley kilisimama hewani. "Hilo sikuwahi kujiuliza," alisema. Akacheka. "Mama Rukia, mimi nakagua nyama. Binadamu ana daktari wake. Swali hilo lipeleke kwake lilivyo, usilipunguze. Ila mzee mpe maji. Kumnyima maji si kulipumzisha figo."

Batuli alikwenda moja kwa moja kwa mumewe na kikombe cha maji. Alimsimulia yote. Nurdini alimheshimu Stanley. Alikunywa nusu kikombe, kisha akakitazama, akamalizia nusu nyingine. Kumbe kiu ilikuwa imemshika vibaya.

Jumatatu walikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Karibuni. Mzee Nurdini, mbona sura imeporomoka hivyo?"

Nurdini alimweleza kanuni ya baba yake. Alimweleza kuhusu maji, na chupa ya mizizi. Hakuficha kitu. Daktari Emilia alisikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka. Alichukua majibu ya vipimo akayasoma yote.

"Mkojo wako ni safi," alisema. "Damu inaonyesha figo linachuja vizuri. Hakuna usaha, hakuna jiwe, hakuna maji yaliyotuama. Figo lako halikuvimba kwa ugonjwa. Limekua kwa sababu ya kazi."

Nurdini alishusha pumzi ndefu. Lakini Batuli alikuwa ameshajiweka sawa kwenye kiti.

"Daktari, naomba kuuliza. Nani aliliambia?"

"Nani aliliambia nini, mama?"

"Nani aliliambia figo kwamba mwenzake ameondoka?"

Daktari Emilia alitabasamu. Aliweka kalamu mezani. "Swali hilo wanasayansi wamelihangaikia miaka mingi. Nitakwambia wanachokijua, na pale wasipojua nitakwambia pia."

"Ndiyo, daktari."

"Zamani damu ya mzee iligawanywa kwa mafigo mawili. Lilipotoka moja, damu nyingi zaidi ikaelekea kwa hili lililobaki. Kazi ikaongezeka siku ileile. Hiyo kazi yenyewe ndiyo habari ya kwanza."

"Kama mimi," Batuli alidakia. "Msaidizi wangu alipoolewa, nilibaki peke yangu na sufuria lilelile. Tazama mikono hii ilivyonenepa!"

"Hasa. Lakini mikono hiyo ilikuzwa na nini? Mwili una wajumbe. Tunawaita homoni. Homoni hutengenezwa sehemu moja ya mwili, kisha damu huibeba na kuipeleka sehemu nyingine, nayo huleta agizo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Tezi hiyo hutoa homoni ya ukuaji. Ndiyo inayowarefusha watoto."

"Na mtu mzima kama mimi bado anayo?" Nurdini aliuliza. Naye sasa alikuwa amekaa mbele ya kiti.

"Unayo, ila imepungua. Huenda ndiyo maana mtoto akitolewa figo moja, lililobaki hukua zaidi kuliko la mtu mzima. Sasa sikiliza. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini hutengeneza mjumbe wa pili. Anafanana kidogo na insulini, ile wanayojidunga baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Mjumbe huyu huziambia chembe hai za mwili, 'Kueni.' Na ajabu ni kwamba figo nalo linaweza kumtengeneza mjumbe huyo lenyewe, humohumo ndani."

"Linajituma lenyewe!" Batuli alisema.

"Kwa kiasi fulani. Na hata homoni za kiume na za kike zina mkono wake. Lakini mengi ya haya yameonekana kwa panya wa maabara. Panya si mtu. Nani anaanza, nani anafuata, na kila mmoja anachangia kiasi gani kwa binadamu, hapo wataalamu bado wanatafuta."

Batuli aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Alipenda kusikia kwamba hata madaktari wana maswali.

"Na figo limeota nyama mpya?" Nurdini aliuliza. Hilo lilikuwa swali la mchinjaji.

"Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, havionekani kwa macho. Idadi yake ni ile uliyozaliwa nayo. Haiongezeki. Kinachotokea ni kwamba kila kichujio kinapanuka, na mirija yake inarefuka. Kwa hiyo figo moja haliwi mawili. Lakini hufanya zaidi ya nusu ya kazi ya yale mawili, na inatosha kuishi."

Nurdini alifikiri. Kisha akapata wazo, uso ukang'aa.

"Basi daktari, nichome sindano ya hiyo homoni! Likue zaidi, nimalize mashaka."

"Hapana, mzee. Hapo ndipo watu wanapojiumiza." Sauti ya daktari ilibaki ya upole, lakini sasa ilikuwa na mkazo. "Mwili wako umejipimia wenyewe. Kichujio kikipanuliwa kupita kiasi, huchoka. Huanza kuvuja, na protini hupita kwenye mkojo. Kubwa zaidi si bora zaidi. Kazi yetu si kulikuza figo. Kazi yetu ni kulilinda."

"Kulilinda vipi?"

"Kunywa maji, usikae na kiu. Huna haja ya kujijaza kama pipa, wala usijinyime. Punguza chumvi. Usinywe dawa za maumivu bila kuuliza, hata zile za dukani. Nyingine huumiza figo. Mizizi usiyoijua, usinywe. Njoo upimwe shinikizo la damu, sukari na mkojo, hata ukijiona mzima. Shinikizo likipanda, figo huumia kimyakimya."

"Na kazi yangu?"

"Kisu shika. Madume ya mnadani waachie wengine. Ubavu huo hauna akiba tena."

Walitoka hospitali jua likiwa kali. Nurdini alinunua maji getini, akanywa mbele ya watu kama mtu aliyefungua saumu. Kisha akamtazama mkewe.

"Mama Kwanini," alisema, "mkono wako ule juu ya kikombe ndio ulioniokoa."

Batuli alijibu kwamba mkono wenyewe umenenepa kwa sufuria. Lakini machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

Nyumbani alichimba shimo nyuma ya uzio akaimwaga dawa ya Zaidi. Zaidi alinuna siku moja, ya pili akaja kula kama kawaida. Supu nayo ilibadilika. Batuli alipunguza chumvi kwenye sufuria, akaweka kikopo cha chumvi mezani kwa anayetaka. Wateja walinung'unika. Mmoja alisema supu imekuwa ya wagonjwa. Batuli alimwuliza, "Wewe mara ya mwisho umepimwa lini shinikizo la damu?" Mteja akainamia bakuli lake. Baada ya wiki chache kikopo kilikuwa hakiguswi sana, na ndimu zilikuwa zinakwisha upesi.

Nurdini alirudi machinjioni. Vipimo vilivyofuata vilikuwa vizuri. Shinikizo lilikuwa sawa, mkojo safi, na figo lilikuwa limetulia kwenye ukubwa wake.

Asubuhi moja, wakati wa upepo, alifungua beberu mnene. Mkono wake ukagusa figo la kulia. Lilikuwa kubwa, limejaa kiganja. Mkono ukainuka wenyewe kulitupa, kwa mazoea ya miaka yote. Ukasimama hewani.

Alitafuta upande wa pili. Alipekua mafuta yote. Hakukuta kitu.

"Stanley!" aliita. "Njoo hapa!"

Stanley alikuja na buti zake nyeupe. Alilipasua figo taratibu. Ndani lilikuwa safi, laini, rangi nzuri. Halikuwa na doa. Stanley aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba linafaa, akaenda zake.

Nurdini alilifunga kwenye mfuko akalileta nyumbani. Alimwekea Batuli mezani.

"Mama Kwanini, leo swali nauliza mimi. Huyu beberu hakwenda hospitali. Hakuna daktari aliyemwona. Nani aliliambia figo lake?"

Batuli alilichukua. Aliligeuza huku na huku, macho yakimng'aa.

"Kazi ilianza kusema," alijibu. "Damu ikabeba habari. Nyingine nitamwuliza Daktari Emilia, maana huyu alizaliwa hivyo. Nikukaangie?"

Miaka yote figo lilikuwa kipande cha Nurdini cha kwanza kula, kabla ya mtu yeyote kugusa nyama. Aliweka mkono ubavuni, upande wa kulia.

"Hapana," alisema. "Huyu ni mwenzangu. Siwezi kumla."

Batuli alicheka mpaka akashika ukuta. Zaidi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, alisema kwamba yeye ana mafigo mawili na hana undugu na beberu. Akakaangiwa, akala, akalamba vidole.

Batuli akamjazia mumewe kikombe cha maji. Nurdini alikipokea, akanywa, wala hakuuliza kwa nini.